Usaili wa Kazi Isiyokuwepo

Watu wa utafiti walipokuja Korogwe walikodi nyumba ya wageni iliyokuwa imefungwa, kando ya barabara ya kwenda Old Korogwe. Wakaipaka rangi nyeupe ndani, wakatundika mapazia mazito, wakaiita maabara. Sisi wa mtaani tuliendelea kuiita gesti. Kila mtu aliikumbuka enzi zake za gesti, na alikumbuka nani aliwahi kuonekana akitoka mle asubuhi akijifanya amepotea, kwa hiyo mwanzoni haikuwa rahisi kwa mwanamke mwenye mume kupanda zile ngazi mchana kweupe.

Mkutano waliufanya kwenye ofisi ya mtaa. Kijana mmoja mwenye sauti nzuri alitueleza kwamba wanataka kupima namna mwili wa mtu unavyopokea msongo wa mawazo. Akasema mtu akibanwa, moyo hubadili mapigo, presha hupanda, na hata kwenye mate kuna kitu huongezeka. Wangetutia kwenye msongo kidogo tu, wa muda mfupi, halafu wangetupima. Nikainua mkono. Nikamwambia, "Mwanangu, msongo tunao wa kutosha. Mnatengeneza mwingine wa nini? Si mje na mashine zenu nyumbani?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Akasema msongo wa nyumbani haupimiki vizuri kwa sababu kila mtu ana wake. Wao wanataka wote tupewe wa aina moja, ndani ya chumba kimoja, kwa muda ule ule. Jibu lilikuwa zuri, na bado liliniudhi. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo kutoka milimani, alisema yeye mate yake hampi mtu ambaye yeye hajui anakolala. Akaondoka. Mimi nikaandikisha jina, kwa ubishi tu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimezaliwa Kang'ata, Handeni, kwenye ukoo wa Wazigua wakulima, nikaolewa Korogwe na Mshambaa. Mume wangu ni mwalimu. Nasema ni mwalimu kwa sababu alisomea, ana diploma, na mtaa mzima humwita hivyo. Serikali haijawahi kumwita. Amefundisha kwa kujitolea shule hii na ile, hesabu na sayansi, na baadhi ya aliowafundisha sasa huniletea sare za watoto wao nizipunguze pindo. Kila ajira zilipotangazwa aliomba. Ameitwa usaili Tanga, ameitwa Dodoma, amerudi na suti yake imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwaka ule wa utafiti alikuwa na miaka arobaini na minne, na mtu akishapita arobaini na mitano serikali haimwajiri tena kwa mara ya kwanza. Nyumbani kwetu hata watoto walilijua hilo. Hakuna aliyelitaja wakati wa kula.

Zamu yangu ilikuwa ya mwanzo mwanzo. Binti mmoja mpole alinikalisha kwenye kochi, akanifunga mkono kwa ile mashine ya presha, akanipa kipande cha pamba nikitafune kama ubani kisha nikiteme kwenye kichupa. Nikakaa kimya mpaka nikaanza kusinzia. Baadaye akanipeleka chumba cha pili. Humo kulikuwa na meza ndefu, na nyuma ya meza mwanamume na mwanamke waliovaa makoti meupe, na kando yao kamera juu ya miguu mitatu. Nikawasalimu. Hawakuitikia. Nikarudia salamu kwa sauti zaidi, nikidhani labda hawakusikia. Kimya. Yule mwanamume akasema nichukulie kwamba nimeomba kazi ninayoitamani kuliko zote, na nina dakika tano za kuwaeleza kwa nini nipewe mimi.

Nyinyi mnaojua hasira zangu mnaweza kukisia. Niliwaambia kazi ninayo, cherehani yangu iko pale stendi, na mtu asiyeitikia salamu mimi simfanyii kazi hata akinilipa dhahabu. Nikawaambia yale makoti yamewapwaya mabegani, hasa la yule dada, na wakiyaleta nitayatengeneza. Wakaniangalia. Hawakutikisa kichwa, hawakukunja uso, hawakutabasamu, wala hawakupepesa macho kama watu. Nilipoishiwa maneno yule dada akasema, "Muda wako bado upo, endelea." Sikuwa na la kuendelea. Nikasimama pale, jasho likanitoka chini ya kanga, mimi ninayegombana na madalali wa vitambaa kila wiki. Halafu wakaniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka elfu moja na kitu, nikitoa kumi na tatu kila mara. Nikikosea wananianzisha upya. Nilikosea, nikaanza upya, nikakosea tena mahali pale pale.

Nilipotoka yule binti alinipa pamba nyingine, akanipima tena, kisha akanieleza taratibu. Lilikuwa zoezi. Wale wawili wamefundishwa kukaa vile, wakienda kinyume na hapo kipimo kinaharibika. Hakuna kazi yoyote, hakuna aliyefaulu wala aliyefeli. Wangenipigia nije mara ya pili baada ya muda, kwa sababu wanataka kuona kama mwili huzoea. Ndiyo maana wale wawili hawakuruhusiwa kutoka nje kutusalimu hata baada ya zoezi. Akanipa soda na nauli, nikarudi dukani nikiwasimulia wenzangu, tukacheka mpaka mashine zikasimama.

Mume wangu alisikiliza simulizi hiyo jioni bila kucheka. Akaniuliza walikuwa wangapi nyuma ya meza. Akauliza kama walikuwa wanaandika. Kesho yake akaenda kujiandikisha.

Siku ya zamu yake nilimkuta anapiga pasi suti. Nikamtania, "Baba watoto, unakwenda kutema mate kwenye pamba, suti ya nini?" Akasema mwalimu hatoki ovyo. Akachukua na bahasha yake ya vyeti. Nikaona ni mazoea tu, maana mtu huyu hata kwenye misiba ya mbali huenda na vyeti.

Alirudi amebadilika. Miaka mingi sikuwa nimemwona anapanda ngazi zetu kwa haraka vile. Kishambaa humtoka anapofurahi, na siku hiyo alikiongea na mimi nisiyekielewa vizuri. Akanieleza jinsi alivyosimama mbele yao. Hakutetemeka. Alieleza miaka yake ya kufundisha, jinsi anavyomshika mtoto anayeogopa hesabu, na alipomaliza yule dada akamwambia muda bado upo, aendelee, naye akajua wanataka kusikia zaidi. Akaendelea. Kwenye kutoa kumi na tatu alikwenda mpaka wakamwambia inatosha.

Nikamkumbusha kwamba hakuna kazi. Akanitazama kama anayemtazama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Mama watoto," akasema, "nimefanya usaili mara ngapi maishani? Wote walionichekea walinikosesha. Tanga walinichekea, wakanipa na chai. Dodoma mmoja aliniita kaka. Watu wanaokusikiliza kweli hawacheki. Wale walikuwa kazini."

Akaendelea kunipa hoja, na hoja zake zilikuwa na mpangilio kuliko zangu. Utafiti mkubwa vile lazima utafika wilaya nyingi. Watahitaji watu wa kudumu, wenye elimu, wanaojua kuongea na wananchi. Wakitangaza nafasi hapa Korogwe watajaa watu mpaka barabarani. Kwa hiyo wanafanyaje? Wanawapima watu kimya kimya, kwa jina la zoezi, wanachagua. Na mradi kama ule hauna habari ya arobaini na mitano.

"Lakini yule binti si amekwambia hakuna kazi?" nikamuuliza.

"Ameniambia. Amekataa vizuri."

Maneno hayo nayajua yalikotoka. Wale watafiti sidhani kama kuna mtu aliwahi kuwaeleza jambo hili la kwetu. Mume wangu alipotuma mshenga Kang'ata kunitaka, baba yangu mkubwa alimpokea, akampa maji ya kunywa, kisha akamwambia nyumba ile haina binti wa kuolewa, labda amepotea njia. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko naosha vyombo, mshenga ananisikia nikigonganisha sahani. Mshenga akashukuru, akaondoka. Akarudi juma lililofuata, akaambiwa hivyo hivyo, tena na tabasamu. Safari ya tatu ndipo akatandikiwa mkeka na kuulizwa ukoo. Ndivyo inavyokuwa. Binti anayetolewa kwa kuombwa mara moja watu hujiuliza ana kasoro gani. Mume wangu wakati huo alikuwa anamsubiri mshenga pale Segera, kijana mwembamba amejawa hofu, na mshenga aliposhuka kwenye gari jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba wamekataa vizuri. Aliamini, akapata mke. Sasa nimwambie nini?

Kwa hiyo akaanza kungoja. Simu yake alikuwa akiichaji hata ikiwa imejaa. Aliacha kwenda shambani upande wa bondeni ambako mtandao hukatika. Aliniomba nimshonee shati jipya jeupe, nikamshonea, kwa hasira, na kola ikakaa vizuri kuliko zote nilizowahi kushona.

Wakati huo huo mjomba wangu wa Kang'ata akapiga simu. Kulikuwa na mama mmoja pale aliyeanzisha shule ndogo ya binafsi, madarasa machache ya tofali za kuchoma, na mwalimu wake wa hesabu ameondoka. Mjomba amemtajia jina la mume wangu, na yule mama amekubali. Mshahara mdogo, lakini wa kila mwezi, na chumba cha kulala kipo. Hakuna usaili, hakuna umri. Aende tu.

Nilishukuru Mungu kwa sauti, pale pale dukani, mteja akashtuka. Nilijua kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Nafasi haziji mtu akishafikisha umri ule. Watu huanza kukuita mzee na kukupisha kwenye viti badala ya kukupa kazi. Nikafunga duka mapema nikaenda kumwambia.

Alifurahi, nisimsingizie. Akauliza habari za yule mama na idadi ya madarasa. Kisha akasema, "Kang'ata mtandao wa kubahatisha. Wakinipigia nikakosekana?"

"Nani akupigie?"

"Mama watoto, unajua nani."

Tuligombana siku hiyo kuliko siku zote za ndoa yetu. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mume mwenye vyeti. Yeye hakupandisha sauti. Alisema atakwenda Kang'ata, lakini wampe majuma mawili tu, kwanza ajibiwe hapa. Mjomba akaomba kwa niaba yetu, akapewa. Majuma yakapita, nikaomba tena mimi mwenyewe, yule mama akanijibu kwa upole ambao haukunipendeza. Alisema watoto hawana mwalimu, lakini ataangalia.

Halafu simu ikaita kweli. Ilikuwa asubuhi, watoto wamekwenda shule. Yule binti mpole alimwambia wanamwomba aje mara ya pili, Alhamisi. Mume wangu aliweka simu chini akanitazama. Hakusema neno la kunisuta, na ningeona nafuu kama angenisuta. Alikwenda kuchukua lile shati jipya msumarini.

Alhamisi alikwenda, akarudi amechoka lakini amesimama wima. Jioni yake macho yalikuwa mekundu. Alisema binti amemshauri apite hospitali apimwe presha vizuri, maana imekaa juu. Alilitaja hilo kama mtu anayetaja kwamba mvua itanyesha. Kwake jambo kubwa lilikuwa kwamba wamemwita mara ya pili, na safari hii yule dada alimwangalia muda mrefu zaidi.

Usingizi wangu uliisha hapo. Mimi nilipoitwa mara ya pili siku chache kabla yake, sikuhisi lolote. Nilisimama pale nikawahadithia mapishi ya kisamvu mpaka muda ukaisha. Binti aliniambia wengi huwa hivyo, mwili unajua mchezo, hautishiki tena. Wa mume wangu haukujua kwamba ni mchezo. Nilimwona akiharibika mbele yangu kwa kitu ambacho hakipo, na kile kilichopo kinamsubiri Kang'ata na hakitasubiri milele. Ijumaa nikamwambia avae viatu, tunakwenda gesti wote wawili.

Mkuu wa utafiti alitupokea. Mtu mtaratibu, wa miwani, alimwita mume wangu mzee ingawa walilingana umri. Nikasema yote niliyokuwa nayo. Nikamwambia, "Daktari, mwambie huyu bwana kwa kinywa chako kwamba hapa hakuna kazi. Usimwambie vizuri. Mwambie vibaya."

Akashtuka. Akaeleza, akaeleza tena, akatoa karatasi akachora mistari, huu ni moyo, hizi ni dakika, hapa ndipo msongo unapoanza. Akasema usaili ni njia tu ya kumbana mtu, kwa sababu watu karibu wote huogopa kusimama mbele ya wasiowajibu. Akaomba radhi zaidi ya mara moja. Mume wangu akawa anaitikia, "Nimeelewa, daktari. Nimeelewa kabisa." Nami namjua. Alikuwa anasikiliza kama mshenga aliyeshika glasi ya maji.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke kufuata chaja yake. Sikumtambua kwa sura, nilimtambua kwa lile koti lililompwaya mabegani. Mume wangu alisimama kwa heshima. Yule dada akasita, akamtazama mkuu wake, mkuu akainamisha kichwa kama anayempa ruhusa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

"Marahaba," mume wangu akajibu.

Yule dada akakaa kwenye kiti kilicho jirani naye. Bila ile meza alikuwa mdogo, wa miaka thelathini na kitu, na kucha zake zilikuwa zimetafunwa. Akasema, "Mwalimu, mimi pia ni mwalimu. Historia na Kiswahili. Tangu nimalize chuo sijaajiriwa. Hapa wamenichukua kwa mkataba mfupi wa kukaa pale na kutokucheka, na unaisha mwezi huu."

Mume wangu akamwuliza alimaliza mwaka gani. Ndilo swali wanaloulizana walimu wote. Akamtajia. Mume wangu akahesabu kimya kimya, nikaona midomo inacheza.

"Ulijieleza vizuri kuliko wote walioingia mle," yule dada akaendelea. "Mara zote mbili. Nilipata shida kukutazama bila kutikisa kichwa. Lakini mwalimu wangu, ningekuwa na kazi ya kumpa mtu, ningejipa mwenyewe."

Chumba kilikuwa na baridi kwa sababu ya mashine zao. Mume wangu akaendelea kumtazama, kisha akasema, "Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna."

"Haya. Pole na wewe."

Hapo aliamini. Nilikuwa nimelitaka jambo hilo kwa miezi, nimelipigia kelele, nimelililia. Lilipokuja sikulipenda. Lilimwingia usoni taratibu, likashuka mabegani, na tulipokuwa tunateremka zile ngazi alishika ukuta.

Jumamosi asubuhi niliambatana naye Kang'ata. Tulipanda basi la Handeni, kisha bodaboda, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu, kuhusu chumba, kuhusu vyombo atakavyohitaji, kuhusu jinsi nitakavyokuja kila mwisho wa mwezi na watoto. Yule mama mwenye shule alitukaribisha. Kabla hajasema nilishasikia sauti ya kijana kwenye darasa la mwisho, anawafundisha watoto wa mtihani, na watoto wanajibu kwa pamoja.

"Mwalimu tulikusubiri," yule mama akasema. "Jumatatu iliyopita nikaona siwezi tena. Samahani sana, shemeji yangu."

Mume wangu alisimama karibu na dirisha la lile darasa akasikiliza kidogo. Nilidhani atatafuta kosa, maana walimu ndivyo walivyo.

"Anafundisha vizuri," akasema. Tukaenda kwa mjomba, tukala, tukarudi Korogwe kabla ya giza.

Watu wananiuliza kama najilaumu kwa kumpeleka akasikie ukweli. Sijilaumu. Mtu mzima hawezi kuachwa anangoja simu ya hewani. Lakini huzuni ninayo, na sijui niipeleke wapi. Alipokuwa anangoja alikuwa ananyoa ndevu. Alikuwa anauliza habari za dunia, anawasaidia watoto hesabu, anachagua shati. Alipoacha kungoja aliacha na hayo. Tarehe yake ya kuzaliwa ilipita, akafikisha arobaini na mitano. Nilipika wali kwa nazi na kuku, tukala, akanishukuru, akaenda kukaa nje. Vidonge vya presha anavimeza nikimpa. Nisipompa haulizi.

Siku moja nilishindwa nikamwambia labda watakuja watafiti wengine, mradi mwingine, nchi hii haiishiwi miradi, na wale wamemwona anavyojieleza. Nilisikia sauti yangu ikiongea maneno yake mwenyewe. Akanijibu kwa upole, "Mama watoto, hakuna kazi," kama mtu anayemfariji mwenzake. Tangu hapo huja na mimi dukani. Nimempa kazi ya vifungo. Hana mkono mwepesi, lakini ana subira, na msimu wa sare vifungo haviishi.

Tulikuwa hapo dukani wiki iliyopita simu yake ilipoita. Alimaliza kwanza fundo la uzi, akaukata kwa meno, ndipo akaitoa mfukoni. Nikamsikia akisema, "Ndiyo, ndiye mimi. Habari za siku nyingi, binti." Mimi, niliyempigia kelele miezi yote ile, nilisimamisha cherehani nikashika meza kwa mikono miwili. Nilikuwa naomba kwa mdomo uliofungwa. Alisikiliza muda mrefu, akasema hapana hajakasirika, akasema kitu kwa sauti ya chini, akasikiliza tena, akashukuru.

"Ni wale wa utafiti?" nikamuuliza.

"Ndiyo."

"Wanasemaje?"

Alitafuta ile sindano kwenye shati, akaipata.

"Vipimo vyangu wamevitoa. Hawatavitumia. Anasema walihitaji watu waliojua kwamba ni zoezi, na mimi niliamini, kwa hiyo nimewaharibia hesabu."

Barabarani watu walikuwa wanapita na mizigo yao. Akaingiza uzi kwenye sindano, ukakataa, akaulowesha kwa mate, akajaribu tena.

"Nimewaomba nirudie," akasema. "Nimemwambia sasa najua kwamba hakuna kazi, nitasimama pale nijieleze hivyo hivyo. Anasema wameshafunga."